Wakili Aliyewafunga Midomo Watu wa Kwao

Ndugu zangu, wenye ng'ombe na wenye mahindi, nipeni masikio. Jambo hili halikutokea ng'ambo. Lilitokea huku huku kwetu, kati ya Garsen na Kulesa, katika nyumba iliyokuwa na kila sababu ya kumshukuru Mungu.

Asubuhi hiyo Madina alikaa mkekani na baba yake, Mzee Galma, wakinywa chai iliyopikwa kwa maziwa matupu. Alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, alikokuwa wakili wa mambo ya teknolojia na vyombo vya habari. Redio ikishtakiwa, kampuni ikivujisha siri za wateja, mtu mkubwa akitukanwa mtandaoni, wote walimkimbilia yeye. Naye alimwambia kila mteja maneno yale yale: "Usijibu. Usiombe radhi. Funga mdomo, niachie mimi." Kwa maneno hayo alipata jina, na kwa kazi hiyo alikosa utulivu. Hata likizoni vidole vyake viliipapasa simu, akitafuta nani kasema nini juu ya nani.

Ndipo akaiona video. Ng'ombe wa baba yake, wenye alama ya ukoo ubavuni, walikuwa katikati ya mahindi ya jirani yao Masha, wanatafuna bila haraka. Sauti ilikuwa ya Kadii, binti Masha: "Tazameni jasho letu linavyoliwa! Na tukisema, wana wakili wao Nairobi." Video ilikuwa imeshaenea katika makundi yote ya WhatsApp ya Garsen.

Suleiman, mdogo wake Madina, ndiye aliyekuwa mchungaji. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli, dada. Jana mchana usingizi ulinipitia."

Mzee Galma alikuwa ameshasimama, anatafuta bakora yake. "Naenda kwa Masha. Namwambia ng'ombe ni wangu, tunakaa, tunaelewana juu ya mahindi. Ndivyo tumefanya mimi na yeye tangu ujana."

"Baba, usiende! Ukiomba radhi umekiri kosa. Watakurekodi, kesho maneno yako yawe mtandaoni. Asiseme mtu yeyote na watu wale. Mimi nitawaandikia barua."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Jamani, usomi mwingine! Ukweli ni kwamba mahindi hayakumuuma Madina. Kilichomuuma ni kutajwa yeye, na alitaka Kadii ajute.

Masha hakungoja barua. Alikuja mwenyewe kesho yake, akasimama penye lango la boma. "Galma, binti yangu amekosa, angeniambia mimi kwanza kabla ya kuweka ile video. Lakini shamba nalo limeharibika. Sema neno basi, tumalize."

Mzee Galma alitazama chini. Akafungua mdomo ajibu. Madina akasema kutoka mlangoni, "Mzee, kama una neno, liandike ulilete kwa wakili."

Masha alisubiri kidogo. Hakukaribishwa ndani wala hakupewa chai, katika nyumba alimokuwa akila Idi kila mwaka. Akageuka akaenda zake. Mzee Galma alibaki pale pale, na chakula cha mchana hakukigusa.

Barua ya wakili ilimfikia Kadii, imejaa vitisho vya mahakama, naye akaiondoa video kwa hofu. Madina alirudi Nairobi akijisifu. "Tumeshinda," alimwambia Suleiman kwa simu.

Ushindi gani huo, ndugu zangu? Wakulima walianza kuulizana, mbona watu wa Galma hawasemi, wanapanga nini? Akina mama waliouza maziwa sokoni Garsen hawakuitikiwa salamu. Wafugaji nao wakaogopa, wakaanza kutembea kwa makundi wakiwa na fimbo. Na asubuhi moja wakaikuta malka, ile njia ya mifugo inayopita kati ya mashamba kwenda mtoni, imezibwa kwa miiba.

"Msiwaulize kitu," Madina alisema kwenye simu. "Nafungua kesi."

Kesi ilipangiwa tarehe ya mbali, lakini ng'ombe walikuwa na kiu siku hiyo hiyo. Suleiman akawateremsha mtoni mahali pa vichaka, ambapo hakuna mtu aliyekuwa akinywesha mifugo. Ndama mmoja alinasa kwenye tope. Suleiman alipoingia kumsukuma, mamba akamshika yeye mguu. Alipiga kelele, akashika mizizi, akapiga kelele tena, na shamba la Masha lilikuwa pale juu tu.

Madina alipofika hospitalini Ngao, mdogo wake alikuwa hai, lakini mguu wa kulia haukuwepo tena. Nje, Galma na Masha walikaa benchi moja, na nguo za Masha zilikuwa na damu.

"Nilimtoa mimi," Masha alisema. "Lakini nilichelewa. Sauti yake naijua, nimembeba akiwa mtoto. Nikasimama. Nikasema, watu hawa hawaongei na sisi siku zote hizi, labda wananiita mtoni waniue." Akalia, mzee mzima.

Madina akakaa chini sakafuni. "Mzee Masha, ng'ombe walikuwa wetu. Suleiman alilala, tukakuharibia shamba. Na mimi ndiye niliyemfunga baba mdomo. Nisamehe."

Masha akafuta machozi. "Maneno hayo ndiyo niliyoyafuata kwenu, mwanangu. Hayo tu."

Mzee Galma akamshika Masha mkono. Wala hakumtazama binti yake Madina.

FUNZO

Sheria ni nzuri, na aliyedhulumiwa ana haki ya kwenda mahakamani. Lakini jirani si mshtakiwa, na nyumbani si ofisini. Ukimkosea jirani, mwendee siku hiyo hiyo, ukamwambie kwa mdomo wako. Nawe unayerekodi makosa ya mwenzako, bisha hodi kwake kabla ya kuituma video. Tukinyimana maneno, kila mmoja humwazia mwenzake ubaya, na hofu hiyo hutuchelewesha anapotuita kwa dhiki. Malka ilifunguliwa baada ya wazee wale wawili kuzungumza asubuhi moja tu. Suleiman anaipita sasa kwa magongo, nyuma ya ng'ombe wa baba yake.