Abiria Mwenye Kibali

Jambo lenyewe lilianza na kiti. Kila asubuhi dereva wa mkurugenzi alikuta kiti chake kimesogezwa nyuma kabisa, kama kwa mtu mwenye miguu ya twiga. Gari lilikuwa jipya: jeusi, la kifahari, silinda nane, sifuri hadi mia kwa sekunde nne, na viti vya ngozi vinavyokumbuka mkao wa kila mtu. Kumbukumbu ya kwanza ilikuwa ya mkurugenzi, ya pili ya dereva. Ya tatu hakuna aliyeiweka.

Kilomita nazo zilikuwa zikiongezeka.

"Unalipeleka wapi nje ya saa za kazi?" aliuliza mkaguzi wa magari, mtu aliyemshuku kila mmoja kwa mujibu wa kanuni.

"Silipeleki popote, mkuu. Funguo zinalala kwako."

Mkaguzi alikunja uso. Hakupenda ushahidi unaomwelekea yeye. "Tutalijaribu pamoja. Nikigundua ni wewe, kazi huna."

Saa nne asubuhi wakatoka. Dereva aligusa pedali kidogo tu, gari likanguruma na kuwabana vitini. Kwenye mia na ishirini kengele ikalia, na sauti laini ya gari ikasema: "Abiria wa nyuma, tafadhali funga mkanda."

"Nyuma kuna mtu?" alinong'ona mkaguzi.

"Tuko wawili, mkuu. Usigeuke."

"Kompyuta inasema watatu."

Na kompyuta, kwa mkaguzi, ilikuwa nyaraka. Akatoa fomu ya safari, ambayo ikitiwa saini na mhuri huwa kibali, akaandika *watatu*, kisha akauliza kwa sauti iliyotetemeka lakini ya kiofisi: "Wewe wa nyuma, unatumia gari hili kwa kibali cha nani?"

Harufu ya udi na nywele zilizoungua ikajaa ndani, mkanda wa nyuma ukavutwa taratibu hadi ukalia *ta*, fomu ikateleza kutoka mapajani mwa mkaguzi na kupita juu ya bega lake, kalamu ikasikika ikikwaruza kwa muda mrefu kuliko jina la mtu yeyote, na karatasi iliporudi ikiwa na saini, mkaguzi, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuiacha saini bila mhuri, alitoa mhuri mfukoni akaugonga.

Mchana huohuo dereva alimleta mganga. Mzee alilizunguka gari, akanusa, akaomba karatasi. Aliisoma mara mbili.

"Wanangu, mimi nafukuza wavamizi. Huyu mmemruhusu wenyewe."

"Kifutwe hicho kibali!" dereva alimgeukia mkaguzi. "Nani anaweza kukifuta?"

Mkaguzi alisoma maandishi madogo ya chini. "Aliyepewa," alisema. "Kwa barua."

Dereva hakufukuzwa kazi. Alisafishwa kimaandishi: kilomita zote sasa zilikuwa na mwenyewe, naye alipangiwa kumhudumia hadi mmoja wao atakapostaafu.

Kesho yake saa mbili kamili asubuhi mlango wa nyuma ulijifungua. Gari likainama upande mmoja, mlango ukafungwa.

"Shikamoo," alisema dereva, kwa kuwa hakujua umri wake.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti, karibu mno na sikio. "Tuanzie nyumbani kwako."