Mstari wa Siki Ukutani

Naapa kwa macho yangu haya mawili, yapofuke hapa hapa nilipokaa kama nimeongeza hata chembe. Najua sifa zangu. Najua mnasema nikiumwa na mbu nasimulia tembo. Sawa, semeni. Lakini hili halina chumvi, maana ni la dada yangu, tumbo moja, fundi cherehani ambaye hajawahi kutokea wa kumshinda kwa mkono.

Dada alikuwa na binti mmoja tu, miaka sita, mwembamba mpaka tukamwita Kijiti. Kijiti haogopi mbwa, haogopi radi, hata mimi nikimkunjia uso ananicheka. Buibui tu. Akimwona mmoja anapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, na hashuki mpaka aonyeshwe maiti. Na nyumba ile waliyopanga ilikuwa na buibui, jamani, wakubwa kama vifuniko vya sufuria.

Sumu ya dukani dada hakuitaka, mtoto alikuwa na kifua. Akajitafutia dawa za jikoni. Siki nusu, maji nusu, kwenye chupa ya kunyunyizia. Maganda ya limau kwenye kingo za dirisha. Karafuu chache kila kona. Nyufa akaziziba kwa vipande vya vitambaa. Na kila Jumamosi asubuhi, mama na mwana wanafuta kuta za chumba cha mtoto, dada na ufagio mrefu aliouvika tambara, Kijiti na ndoo na kitambaa chake cha maua mekundu.

"Mama, wewe wa juu, mimi wa chini."

"Chini mpaka wapi, bosi wangu?"

"Mpaka mkono wangu unapofika."

Ndiyo ilikuwa kazi yao. Na buibui waliondoka, hata kivuli hakikubaki.

Homa ilimchukua Kijiti kwa siku tatu. Jumanne anacheka, Ijumaa tunamzika.

Jumamosi yake dada alishika ufagio, akafika mlangoni kwa mtoto, akaishia hapo. Akaufunga mlango, ufunguo akautumbukiza kwenye kopo lake la vifungo. Hakufuta tena. Cherehani ikanyamaza. Mimi nilikuwa namfanyia vituko vyangu vyote, vile vinavyochekesha mpaka mawe, naye ananitazama kama natokea kwenye redio ya jirani.

Ikapita miezi minne. Siku moja akakifungua kile chumba kutafuta shuka. Juu, utando wa buibui ulikuwa umetanda dari nzima, mzito, unashuka ukutani kama pazia. Kisha umekatika. Umekatika sawa, kuta zote nne, kama uliopimwa kwa rula. Chini ya hapo ukuta ulikuwa safi.

Ulikuwa unanuka siki.

Akadhani ni mumewe, dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Akamwonea huruma, akanyamaza. Kumbe mume naye alishaiona chupa ya siki inapungua, akadhani ni mkewe anajiliwaza, akanyamaza vilevile. Wakakaa hivyo wiki nyingi, kila mmoja anamhifadhi mwenzake.

Mpaka Jumamosi moja asubuhi, wote wawili wako barazani wanakunywa chai. Jua linawaka. Mlango wa chumba umefungwa, ufunguo uko kwenye kopo, kopo liko mapajani mwa dada.

Ndani, mtu akakamua kitambaa.

Maji yakadondoka ndooni. Kisha mkwaruzo mdogo, ukutani, unakwenda na kurudi.

"Si wewe?" mume akanong'ona.

"Nilijua ni wewe."

Wakafungua. Hakuna mtu. Kitambaa cha maua mekundu kilikuwa kimeanikwa kwenye ukingo wa ndoo. Kimelowa. Kina joto la kiganja.

Dada hakulia. Alichukua tepu yake akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye ule mstari. Futi nne na nusu. Ndipo alipofikisha mkono Kijiti mara ya mwisho alipopimiwa gauni na kuambiwa anyooshe mkono juu. Akapima tena baada ya miezi sita. Mstari ulikuwa umepanda inchi mbili.

Mtoto alikuwa anakua.

Mume hakuweza. Mtu aliyeendesha lori lililokatika breki mlima mzima, hakuweza. Akapata nyumba ng'ambo ya mji, akapakia vitanda, cherehani, masufuria. Mimi mwenyewe nilibeba kabati peke yangu, mgongoni. Lori linanguruma, dada akasema anarudi ndani kuaga tu. Aliniambia mimi peke yangu alichosema humo.

"Mwanangu, mama anahama."

Akaweka kiganja ukutani.

"Baba yako hawezi. Nami nimechoka, mama."

Nyuma ya mlango, chini, kwenye usawa wa kiuno chake, sauti ikamnong'oneza.

"Na wa juu nani atanifutia?"

Akainua macho. Buibui walikuwa wengi, pazia zima linapumua. Akafikiria mtoto wake humo, peke yake, na mkono mfupi.

Dada alitoka, akashusha cherehani kutoka kwenye lori, kisha ufagio. Mumewe alimtazama mpaka tukamwonea aibu. Akaondoka. Siku hizi anakuja Jumapili, anakaa barazani, ndani haingii.

Cherehani inalia tena. Kila Jumamosi dada anafuta wa juu. Wa chini hagusi. Hunyanyua ufagio, akangoja kwanza asikie kitambaa kinakamuliwa, ndipo aanze. Kila mwaka anashona gauni moja kwa kipimo cha ukuta, analitundika msumarini, na pindoni anaacha inchi mbili za akiba, kama wanavyoshonewa watoto wanaorefuka.

Juzi nilikwenda kumwona. Huu ni mwaka wa tano. Mwanzoni ule mstari ulikuwa unanifika kifuani, na mnajua mimi nainama kila mlango. Sasa unanifika kwenye paji la uso. Nikalishika gauni la mwaka jana. Pindo lilikuwa limefumuliwa, limeshushwa, likashonwa upya kwa mkono. Mishono mikubwa, imepinda, ya mtu anayejifunza.

Dada yangu hajawahi kupindisha mshono maishani mwake.

Nimewaambia ninyi tu. Tafadhali lisitoke hapa. Mwenye nyumba akilisikia atazipaka kuta zile rangi, na dada yangu hatajua tena mwanawe amefika wapi.