Maji ya Moto Baada ya Kimbunga

Siku ya tatu baada ya kimbunga, nyumba yote ya Bi Hamida pale Kurasini ilikuwa imekauka, isipokuwa sakafu ya chumba cha mpangaji wake, Atuganile. Alipiga deki asubuhi, akapiga tena mchana, na maji yakarudi palepale chini ya kitanda, yananuka nywele zilizoungua.

Watu wa Tukuyu, kwao Atuganile, kwa usafi huwawezi. Upepo ulipotulia tu, vyoo vya mtaa mzima vikiwa vimefurika, Atuganile alichemsha sufuria zima la maji akalimwaga kwenye mfereji wa uani kuua vijidudu vya kipindupindu. Ana mtoto wa mwaka mmoja, Lusungu, bado ananyonya. Nani angemlaumu?

Jioni hiyo Lusungu alikataa ziwa. Mwili ukamchemka, na mgongoni yakamtoka malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa uji. Zahanati walimpaka dawa, wakamtazama mama yake kwa jicho baya. Aliumia sana kwa jicho lile. Akambeba mwanawe, akaenda kubisha kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, bibi. Mtoto ananifia."

"Marahaba." Bi Hamida aliutazama ule mgongo, akanusa hewa, sauti ikashuka. "Niambie kweli, mwanangu. Ulimwaga maji ya moto?"

"Mferejini, siku ile upepo ulipotulia."

"Uliwaambia wapishe?"

"Kina nani, bibi?"

Bi Hamida akashika kichwa. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Pwani hii mwanamke hamwagi maji ya moto kimyakimya. Hutamka bismillahi, akawaambia wasioonekana wapishe, ndipo amwage.

"Na wao walikuwa wanakikimbia kimbunga," alinong'ona. "Walijibanza humo na watoto wao."

Aliwafuata chumbani kwao, akafukiza udi, akamlaza Lusungu kitandani, akamfunika kaniki, akaanza kisomo. Moshi ulipojaa chumba, maji ya chini ya kitanda yakaanza kutembea, yakapita katikati ya miguu yao, yakapanda tendegu polepole, yakajipenyeza ndani ya ile kaniki, na mtoto ambaye hajajua hata kusema mama akafumbua mdomo na kusema, kwa sauti ya mwanamke mzima aliyelia mpaka akachoka: "Mwanangu hanyonyi. Mie nimeungua kifua. Aliyeniunguza ndiye amnyonyeshe, la sivyo namchukua wake."

"Mfukuze, bibi," Atuganile alisema.

"Nikimfukuza ataondoka na Lusungu."

Atuganile alizitazama mbavu za mwanawe zinavyohangaika kutafuta pumzi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na bado akafungua vifungo vya blauzi.

Mumewe, Fredrick, alikuwa amekwama bandarini wiki nzima, wanainua makontena yaliyoangushwa na upepo. Aliporudi, alasiri, alimkuta Lusungu mkekani, mzima, anatafuna muhogo. Furaha ikamjaa; akamrusha juu, akamdaka, akacheka kwa nguvu.

"Punguza sauti, baba Lusungu," Atuganile alisema kutoka kitandani. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Amejitanda khanga kifuani, na ndani ya khanga kulikuwa na kitu kinavuta, kinapumzika, kinavuta tena.

"Huyu ndo kwanza anasinzia. Ukimwamsha ananing'ata."