Damu ya Kuazima

Kila jioni baada ya shule, Mahyar alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kubeba ngoma ya babu yake. Ilikuwa ngoma ya udongo, nzito, iliyowambwa ngozi, na katika mtaa wao mjini Yazd hakukuwa na asiyemjua mwenye ngoma hiyo. Murshidi Asadullah! Watu walimsalimu kutoka dukani kwa muuza mikate hadi kwa fundi baiskeli, naye aliwajibu mkono ukiwa kifuani. Mahyar alimfuata nyuma kifua mbele, mtoto wa miaka kumi na miwili anayejiona mkubwa.

Walikuwa wakienda Nyumba ya Nguvu. Humo wanaume walishuka katika uwanja uliochimbwa chini kama bwawa lililokauka, wakainua ngao na virungu vizito vya mbao, na yote hayo waliyafanya kwa kufuata ngoma ya Murshidi. Yeye alikaa juu ya jukwaa lake, akipiga, akighani mashairi na kuhesabu kwa sauti. Akikosea yeye, wamekosea wote. Mbele yake ilining'inia kengele. Akiingia mkongwe wa mchezo, Murshidi huigonga ili kila mtu ajue kwamba mtu wa heshima amefika. Mkongwe akinyimwa kengele, ametukanwa mbele ya watu.

Kabla ya kupanda jukwaani, Babu alikunywa chai. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na alipenda kujigamba kwamba sukari haiigusi glasi yake. Kweli haikuigusa. Lakini kando ya glasi palikuwa na bakuli la tende na forosadi kavu, vitunda vidogo vitamu kama asali, na kwa kila funda la chai alitupia moja mdomoni.

"Hii ni sukari ya Mungu," alisema. "Inayoua ni ile ya kiwandani."

Nani ambishie? Nusu ya wazee wa mtaa ule walikuwa na bakuli kama hilo.

Jumanne moja, hesabu ikampotea. Wanaume walikuwa wamelala chali, ngao zimeinuliwa juu, wakisubiri namba ifuatayo. "Ishirini na tisa, thelathini," Babu alighani, kisha akasita. "Ishirini na moja... ishirini na..." Ngao zikaanza kutetemeka mikononi mwao. Mtu mmoja akacheka kwa kukohoa.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia Haji Seifullah, bingwa wa zamani, mabega mapana kama kabati ingawa ndevu zilikuwa nyeupe pe. Babu alimtazama usoni, kisha akaendelea kupiga ngoma. Kengele hakuigusa.

"Murshidi!" Haji akanguruma. "Umeniona au hujaniona?"

"Nimekuona, bwana," Babu akajibu kwa upole. "Karibu. Wewe ni mgeni wa nani?"

Loo! Ungemwona Haji. Uso ulimwiva mpaka masikioni.

"Mgeni? Mimi? Tumeshuka uwanja huu pamoja hatujaota ndevu, leo unaniita mgeni!" Akawageukia wengine. "Sikilizeni. Alhamisi jioni jukwaa hili lipate mtu mwenye akili timamu. Ama yeye atoke, ama nitoke mimi."

Hakuna aliyemtetea Babu, hata mmoja. Wote walitazama sakafu, wanaume wazima na misuli yao. Mahyar aliichukua ngoma kwa hasira hata nusura aivunje mlangoni.

Habari za mtaa hazilali. Kesho yake shuleni, Bahman, mvulana mmoja mwenye mdomo mrefu, alimngoja langoni. "Karibu, bwana!" akasema kwa sauti ya kizee. "Wewe ni mgeni wa nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Mahyar alimrukia. Alimtandika kwa mkoba wake wa vitabu, Bahman naye akarudisha, na kabla ya kengele ya saa nne Mahyar alikuwa amerudishwa nyumbani, mdomo umepasuka.

"Umeanza uhuni?" mama yake akafoka. Mama yake, Mehrnush, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na siku hiyo alikuwa zamu ya usiku. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani akipita tu, kwa hiyo kila zito lilimwangukia mama. Alipoambiwa kisa, hasira zikahama. "Hana haya huyo Haji! Baba yangu si kichaa. Vaa viatu, tunampeleka hospitali sasa hivi."

Daktari Forugh, aliyekuwa akimtibu Babu kisukari, alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimtajia Babu maneno matano ayakumbuke. Baada ya muda mfupi alipomuuliza, Babu alikumbuka mawili. Alimwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia akipunguza saba saba. Babu, ambaye alikuwa ameishi kwa kuhesabu, akafika themanini na sita akakwama. Mahyar aligeukia ukutani asione. Kisha daktari akaagiza damu itolewe, akawaambia warudi Alhamisi asubuhi.

Siku hiyo aliwapokea amekunja uso. Mezani aliweka karatasi ya majibu, na kando yake mashine ndogo ya kupimia sukari ambayo mama alikuwa ameileta kutoka nyumbani.

"Mashine hii inasema mia, tisini na nane, mia na tano," daktari alisema. "Ni sukari ya kijana mzima asiyeumwa. Damu niliyoitoa mkononi mwa mzee inasema kwamba kwa miezi mitatu hivi sukari yake imekuwa juu mno. Hivi viwili haviwezi kuwa kweli pamoja."

"Basi mashine mbovu," Babu akasema haraka. "Vitu vya siku hizi takataka tupu."

"Mashine nimeijaribu, ni nzima."

"Kwa hiyo unasema mimi ni mwongo?" mama akapandisha sauti. "Kila asubuhi natazama namba mwenyewe! Nampikia bila mafuta! Nafanya kazi usiku, mchana namwangalia yeye!"

"Sijakuita mwongo, dada. Lakini nisikilize." Daktari aliweka kalamu chini. "Kama mashine ndiyo ya kweli, basi sukari haihusiki, na usahaulifu huu ni ubongo wenyewe unaochakaa. Kwa hilo sina mengi ya kumpa. Lakini kama damu ya jana ndiyo ya kweli, bado tunaweza kupigana. Nahitaji kujua kipi ni kipi, maana dawa ya huku si dawa ya kule."

Mahyar alificha vidole vyake chini ya meza. Babu alimtazama kwa pembe ya jicho, na jicho lile lilisema neno moja: nyamaza.

Mambo yalianzia majira ya kuchipua. Vidole vya Babu vilikuwa vimeota sugu kwa kupiga ngoma maisha yake yote, na sindano ya kupimia ilikuwa haipiti. Alichoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, damu haikutoka. Mama alikuwa akija barazani kuuliza namba. "Lete kidole chako, mwanangu," Babu akanong'ona. "Mimi babu yako, damu yetu moja." Mahyar alicheka, akatoa kidole. Namba ilikuwa nzuri, mama akafurahi, na Babu akapewa tende ya ziada. Kesho yake Babu aliomba tena. Baadaye hakuomba, alisogeza mashine tu. Mahyar naye alijisikia mtu wa maana. Ni mjukuu gani anayemkatalia babu yake tone la damu?

Sasa alikuwa amekaa pale, na hasira ilimjaa hata hakujua aimwage wapi. Alimchukia daktari kwa maswali yake. Alimchukia Haji. Alimchukia Bahman. Akamtazama Babu, mzee aliyejua mashairi elfu na sasa hawezi kushika maneno matano, na bado anamkonyeza anyamaze.

"Ni damu yangu!" akapiga kelele.

Mama akageuka. "Unasema nini?"

"Kwenye mashine. Ni damu yangu mimi. Kila siku!" Akanyoosha vidole vyake mezani. Ncha zilikuwa na vitone vyekundu, vingine vipya, vingine vilivyokauka.

Mama alivitazama vile vidole, akafumba macho. Babu akasimama, fimbo yake ikaanguka chini. "Mahyar! Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Wewe ndiye uliyeanza!" Mahyar hakuwahi kumpazia Babu sauti tangu azaliwe, na sauti yenyewe ilimtoka imepasuka kwa kilio. "Nimepigana kwa ajili yako! Wananicheka shule nzima kwa ajili yako! Kumbe mimi ndiye ninayekuumiza, kila asubuhi, kwa kidole changu!"

Hakuna aliyeiokota fimbo.

"Mzee, kaa," daktari akasema, na yeye pia alikuwa amekasirika, alijizuia tu. "Miezi yote hii nimekupa vidonge kwa kufuata damu ya mtoto. Unajua maana yake? Nimemtibu mtu ambaye haumwi, na mgonjwa nikamwacha."

Kisha akawaeleza. Damu, alisema, inapita kila mahali, na ubongo unaishi kwa kile inachouletea. Ndani yake mna sukari, mna mafuta, mna vitu vidogo vidogo vingi vinavyobaki baada ya mwili kusaga chakula. Vikizidi au kupungua kwa muda mrefu, mishipa midogo ya kichwani inachoka, na mtu anaanza kufikiri polepole, anasahau, anakasirika bila sababu. Ndiyo maana wataalamu siku hizi huwapima wenye kisukari damu, kisha huwapima na kumbukumbu.

"Si kila msahaulifu ana sukari," alisema, "na siahidi kwamba yote yatarudi. Lakini yapo yatakayorudi, nadhani ni mengi."

"Na forosadi zangu?" Babu akauliza kwa sauti ndogo.

"Tumbo halijui kama sukari imetoka mtini au kiwandani. Bakuli hilo liondoke."

Akaushika mkono wa Babu, akaugeuza, akachoma ubavuni mwa kidole, pembeni, mahali ambapo sugu ya ngoma haikufika. Damu ikatoka mara moja. Mashine ikaonyesha mia tatu na arobaini. Mama akalia palepale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jioni ile Babu alivaa koti lake jeusi. "Chukua ngoma," akasema. Mahyar aliogopa, lakini aliichukua.

Nyumba ya Nguvu ilikuwa imejaa. Haji Seifullah alikaa mbele, mikono ameikunja. Babu hakupanda jukwaani. Alishuka uwanjani polepole, ngazi kwa ngazi, akasimama katikati ya wale wanaume. Aliwaambia yote: sugu, kidole, tende, namba za uongo. Kisha akatoa mashine mfukoni, akajichoma ubavuni mwa kidole mbele yao, akaiinua juu.

"Mia tatu na kumi," akasema. "Hii ndiyo yangu. Haji, nilikunyima kengele kwa sababu kichwa changu kimelowa sukari, na nilikilowesha mwenyewe. Nisamehe. Jukwaa mpeni mwingine."

"Mpumbavu wewe!" Haji akalipuka. "Mzee mzima! Kutoboa mtoto!" Alisimama kana kwamba atampiga, kisha akakaa tena. Alijikuna ndevu. "Mkwe wangu huniuliza namba ya sukari kila siku," akasema kwa sauti ya chini, akimkazia macho kila mtu asije akathubutu kucheka. "Nami namtajia ya kubuni. Hebu... umechoma wapi? Ubavuni?"

Mahyar aliona wazee wengine watatu wakivitazama vidole vyao kimyakimya.

Jukwaa halikupewa mtu mwingine moja kwa moja. Kijana mmoja alilishika kwa muda, huku Babu akitibiwa. Haikuwa kazi rahisi. Babu aligombana na daktari, akagombana na mama juu ya wali, akashinda nyumbani amenuna kama aliyefiwa kwa sababu ya tende. Lakini namba zilishuka, na safari hii zilikuwa zake. Joto la kiangazi lilipoanza kupungua, daktari alimtajia maneno matano, akayarudisha manne na kulalamika kwamba la tano lilikuwa la kijinga. Majina ya watu bado yalimpotea mara mojamoja. Hesabu ilikuwa imerudi.

Jioni ambayo Babu alirudi jukwaani, Haji Seifullah aliwasindikiza hadi nje, akampigapiga Mahyar begani.

"Una bahati, Murshidi," akasema. "Mjukuu mtiifu kama huyu ni wa kutafuta."

"Mtiifu?" Babu akasimama katikati ya njia, hasira yake ya zamani ikampanda tena. "Mtiifu alikuwa karibu anizike! Aliyeniokoa ni yule aliyenipigia kelele." Akamgeukia Mahyar. "Sikia, mwanangu, na uwaambie wenzako. Mtu mzima akikuomba umsaidie kusema uongo, hata akiwa babu yako, hata akikuomba kwa sauti tamu, mkatalie. Hiyo ndiyo heshima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

"Haya, twende. Na ngoma leo nabeba mwenyewe."