Jiwe Nililomtwika Mama Mdogo

Siku ile niliamka vizuri, na kwa mtu mvivu kama nilivyokuwa, kuamka vizuri ni jambo la kutajwa. Nilikunywa chai kwa muhogo, nikajifunga khanga yangu mpya, nikatoka nyumbani Mtendeni kwenda kazini. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1971. Tabora ilikuwa imepambwa kwa karatasi za rangi kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru, na mvua ilikuwa imetupumzisha tangu alfajiri. Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki moja tu: kukaa mlangoni pa ghala kuukuu la nta, si mbali na stesheni, na kupokea viatu vya watu.

Viatu vilibaki kwangu kwa sababu ndani ya ghala mlikuwa na sanaa ya mwalimu Raymundi, na sanaa ile iliingiwa miguu mitupu. Raymundi alikuwa mwalimu wa uchoraji, mtoto wa Wakatoliki wa Sikonge, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na ndevu na maneno mengi. Sisi tulitegemea picha za ukutani. Yeye alimwaga mchanga mwekundu sakafu nzima, akachora ndani yake njia yenye kona nyingi, na pande zote akatundika magome ya miti na vitambaa vilivyochovywa nta, hata mtu haoni zaidi ya hatua tano mbele. Mlangoni aliweka rundo la mawe. Kila mgeni alijitwika jiwe moja, akatembea nalo njia nzima kama mpagazi wa zamani, na mwisho wa njia akalitua kwenye rundo jipya.

"Bila ninyi hakuna sanaa hapa," aliwaambia watu. "Hapa pana mchanga na mawe tu. Picha ni ninyi."

Maonyesho yakiisha, mawe yale waliyobeba wananchi kwa vichwa vyao yangepelekwa kwa lori kwenye kijiji kipya cha ujamaa, njia ya Kaliua, yakawe msingi wa shule. Watu walilipenda jambo hilo. Walipanga foleni mpaka barabarani, wazee kwa watoto, wakacheka walivyojiona wapagazi.

Na mawe aliyatoa wapi? Aliandika mwenyewe kwenye ubao mlangoni, wala hakuficha. Nje ya mji, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, palikuwa na rundo refu kuliko mtu. Kila mpagazi aliyepita pale alitupa jiwe moja na kusema uchovu wangu ubaki hapa, kisha akaendelea na safari akiwa mwepesi. Miaka mia na zaidi watu walikuwa wakiongeza. Raymundi akalizoa lote, mpaka kokoto ya mwisho. Nami niliusoma ubao ule kila asubuhi nikauona umeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Siku hiyo, ya tatu ya kazi, alikuja mama mdogo Mwanahawa. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, kwa vitumbua vyake vya kila asubuhi, na sikuwa na mtu mwingine duniani. Alikuja na sinia tupu kwapani, akavua ndara, akafika kwenye rundo akasimama.

"Mimi siokoti, Swaumu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Jiwe la njiani huongezwa, mwanangu. Haliokotwi."

"Mama mdogo! Tumejitawala miaka kumi bado unaogopa mawe?"

Foleni ikacheka. Mimi nilikuwa nimeona haya, ndiyo kweli yenyewe, sikutaka mwalimu Raymundi adhani kwetu ni washamba. Nikaviringisha mtandio wake nikafanya ngata, nikaiweka utosini pake, nikachukua jiwe la juu kabisa nikamtwika. Wengine wote walijitwika wenyewe. Yeye peke yake ndiye aliyetwikwa na mtu.

Alinitazama. "Haya. Lakini utakuja kunitua?"

"Nitakuja kukutua," nilisema, mikono yangu ikiwa tayari kwenye viatu vya mtu wa nyuma yake.

Nikasahau. Watu walikuwa wengi, vijana wawili walikuwa wanagombania kiatu kimoja, mvua ilirudi ikapiga mabati. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, mgeni wa mwisho alichukua viatu vyake akaenda. Nikainama kukunja mkeka. Juu ya mkeka palikuwa na ndara za mama mdogo.

Niliingia. Harufu ya nta ilikuwa nzito, na mwanga ulipita kwenye matundu ya mabati. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia hatua, polepole, za mtu aliyelemewa. Alitokea kwenye kona, jiwe kichwani, shingo imenyooka. Alinipita. Hakunitazama.

"Mama mdogo."

"Bado hatujafika."

Akapotea nyuma ya magome. Nikatazama mchanga. Nyayo zake zilikuwa zimerudiana mara nyingi, mpaka njia imekuwa mfereji. Alitokea tena. Safari hii nilitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Lakini mchanga ulikuwa unadidimia. Kisigino. Vidole. Kisigino. Vidole. Safu nzima, ikimfuata.

Nilipiga kelele. Raymundi alikuja mbio, akamshika mabega, akalinyakua jiwe kichwani pake na kulitupa kwenye rundo jipya pamoja na mengine. Mchanga ukatulia. Tukadhani yamekwisha.

Nyumbani mama mdogo hakukaa. Alizunguka ua. Alikula amesimama, kisha akawa hali. Shingo yake haikugeuka kulia wala kushoto. Nikimsemesha alijibu neno moja tu, kwa mnong'ono: "Maji bado mbali?" Nikampa maji, akayatazama kama hayapo. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akalala kweli, na miguu yake ikaendelea kutembea ndani ya shuka. Siku ya sita nyayo zilikuwa zimepasuka zinatoa damu, na uso umebaki mifupa. Niliogopa. Niliona namuua mama yangu wa pili kwa sababu ya foleni iliyocheka.

Siku hiyo adhuhuri Bibi Sikuzani, jirani yetu muuza ugoro, aliingia uani kuazima chekecheo. Baba yake alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi mara nyingi. Alisimama akamtazama mama mdogo akizunguka, mara moja, mara mbili.

"Nani alimtwika?" aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Na nani alimtua?"

"Mwalimu."

Akafyonza. "Baba hakukubali kutuliwa mzigo na mkono mwingine, hata awe hoi. Aliyekutwika ndiye wa kukutua. Huyu hajatuliwa."

"Lakini bibi, jiwe liko kule. Kichwani hana kitu."

"Itazame hiyo shingo," alinong'ona, "kisha uniambie hana kitu."

Nikasimama mbele ya mama mdogo. Alikuja akanikaribia mpaka pumzi yake ikanigusa. Niliinua mikono juu ya kichwa chake, kwenye hewa tupu, jua la saa saba likituangaza wote. Vidole vikagusa. Baridi. Kigumu. Kina mchanga. Nikakishika pande mbili nikakivuta juu, na mikono yangu ikatetemeka kwa uzito.

Mama mdogo aliketi chini palepale. "Swaumu," alisema, "nina njaa sana."

Nililia kwa furaha, mikono ikiwa bado juu. Bibi Sikuzani hakunisogelea. Alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Lipeleke lilikotoka," alisema. "Ulitue kwenye rundo lake. Ukilitua mahali pengine litakurudia. Au akutue aliyekupa."

Mama mdogo ndiye aliyenipa, na alikuwa hawezi kuinua hata kikombe. Nikajitwika. Nilivuka mji mchana kweupe na mzigo usioonekana. Watu waliniamkia, nikawaitikia bila kugeuza shingo. Nilifika kwenye njia ya zamani. Palikuwa na duara la udongo mtupu, sisimizi wanapita, na alama za matairi ya lori. Hapakuwa na jiwe hata moja. Nilikumbuka kuwa maonyesho yalikuwa yamefungwa Jumamosi, na mawe yote yalikuwa tayari chini ya saruji, njia ya Kaliua. Baadaye nilimsikia mwalimu wa shule ile akilalamika sokoni kwamba watoto wa darasa la kwanza hawakai kitako, wanazunguka chumba kutwa, kwa safu.

Nililiweka chini palepale, katikati ya duara. Sikufika hata hatua kumi. Nikarudi nyumbani nalo.

Mama mdogo alipona, akanenepa, akarudi kwenye vitumbua vyake. Zile siku sita hakuzikumbuka, nami sikumwambia. Ningewezaje? Angetaka kunitua, na nilijua angelipokea tena kichwani pake. Alinitania tu: "Swaumu, kwani viti vya nyumba hii vina moto?" Wachumba walikuja, wakaniona ninavyokula nimesimama, wakaaga kwa adabu. Raymundi aliomba uhamisho, na sikusikia tena kwamba amechora chochote.

Miaka kumi na saba ikapita hivyo. Mama mdogo akaugua, safari hii maradhi ya kawaida ya uzee. Asubuhi moja nilikuwa nikizunguka kitanda chake kama kawaida yangu. Alifumbua macho. Hakunitazama usoni, alitazama juu ya kichwa changu, kama mtu aliyekumbuka.

"Lipo bado?"

Nikazungukia upande wa pili wa kitanda.

"Miaka yote hii, mwanangu. Nami nakutania." Machozi yalimtoka. "Inama nikutue."

Nilikataa. Akasema tena, inama. Nikapiga magoti. Aliinua mikono yote miwili, nikasikia kucha zake zikikwaruza jiwe. Likanyanyuka. Kidogo. Shingo yangu ikawa nyepesi kama ya mtoto, na wallahi nilitamani kulala usingizi palepale sakafuni.

Mikono yake ikaanza kutetemeka.

"Zito," alinong'ona.

Mikono ikamwanguka kifuani, imefumba ngumi. Na kile kitu kikarudi utosini pangu, taratibu, mahali pake.

Wanawake walipokuja kumwosha, ngumi hazikufunguka kirahisi. Walizikunjua kidole kwa kidole, na ndani ya viganja vyote viwili mlikuwa na mchanga mwekundu, mbichi, wenye harufu ya nta. Walimwaga maji, wakamwaga tena, na uliendelea kutoka chini ya kucha.

"Mama yenu alikuwa akilima?" mwoshaji aliniuliza.

Nikasema ndiyo, nikaendelea kuzunguka kitanda.