Mkaguzi na Bomba la Uani

Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Pilipili ilikuwa kumvisha mdogo wake, na kazi hiyo haikutaka haraka. Shati lake lilikuwa limekatwa kile kitambaa kidogo cha shingoni, maana kilimwasha mpaka akalia. Soksi alivishwa zikiwa zimegeuzwa ndani nje, ili mishono isimguse vidole. Chai alikunywa kwa kikombe cha buluu tu, na kama kikombe hicho hakijaoshwa, basi kila mtu asubiri kioshwe. Pilipili alikuwa darasa la sita, na mambo yote hayo aliyajua vizuri kama anavyoijua njia ya shuleni.

Mdogo wake alikuwa na miaka mitano na bado hakuwa anasema. Daktari aliwaeleza wazazi wao kwamba mtoto ana usonji. Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake: sauti ambayo wengine hawaisikii, kwake ni kelele, na maneno yanachelewa kutoka. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala si malezi mabaya. Baba yao, fundi baiskeli, alimpachika jina la Mkaguzi, kwa sababu hakuvumilia kitu kilichoachwa wazi. Mlango, anafunga. Sufuria, anafunika. Chupa ya mafuta ikikosa kifuniko, ataizunguka huku akiguna mpaka kifuniko kirudi. Binti naye baba alimwita Pilipili, na ukimwona amekasirika huulizi kwa nini.

Waliishi nyumba ya kupanga, vyumba vikiuzunguka ua mmoja. Uani kulikuwa na tangi moja na bomba moja la wapangaji wote. Maji yalikuja kwa mgao, na tangi likijaa lilitakiwa litoshe mpaka mgao mwingine. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alililinda tangi lile kuliko alivyoulinda mkoba wake.

Asubuhi moja Pilipili alikuwa amemvisha Mkaguzi soksi ya kwanza, akainama uvunguni kuitafuta ya pili. Redio ya jirani ilikuwa inapiga makelele. Ghafla Mkaguzi aliziba masikio na kuanza kuguna.

"Nini tena, bwana mkubwa?" Pilipili aliuliza kutoka uvunguni.

Alipoinuka na soksi mkononi, mtoto hayupo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, kama kawaida yake. Pilipili alikuwa bado anatafuta kandambili zake aliposikia ukelele kutoka nje.

"Mungu wangu! Maji yangu! Huyu mtoto atatumaliza!"

Ua mzima ulikuwa tope. Mkaguzi alisimama katikati ya dimbwi, soksi yake moja imelowa chapachapa, na mkono wake umeshika koki ya bomba. Mama mwenye nyumba alikuwa akiligonga tangi kwa kidole, akisikiliza. Juu lililia tupu, na katikati ndipo sauti ilipobadilika.

"Nusu tangi!" alisema. "Nusu nzima imekwenda na tope!"

Wapangaji wakatoka, na kila aliyetoka alikuja na hukumu yake. Muuza mkaa alisema mtoto yule amedekezwa, hajui fimbo. Mama yake Pilipili, fundi cherehani, alikuja mbio, tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Mama, huyu hafungui bomba," alisema. "Huyu anafunga."

"Si huyu hapa? Mkono si huu hapa?" Mama mwenye nyumba aliukamata mkono wa Mkaguzi na kuutikisa mbele ya watu. Mtoto alipiga yowe na kujivuta. "Oneni! Oneni adabu yake!"

Jamani! Mtu mzima amkamate mtoto kwa nguvu, mtoto alie, halafu kilio ndicho kiwe ushahidi! Pilipili alitaka kusema, lakini mama mwenye nyumba hakumpa nafasi.

"Kuanzia leo huyu akae ndani, mlango upigwe kufuli," mama mwenye nyumba alisema. "Nikimwona uani, mnahama. Jioni tukutane hapa wote, tulimalize hili."

Wangehamia wapi? Kodi ya chumba kile waliipata kwa kubanana. Mama aliingiza cherehani ndani ili asimwache mtoto peke yake, akafunga mlango. Pilipili alipokuwa anatoka kwenda shule alimsikia Mkaguzi akiupiga mlango kwa viganja, pa, pa, pa, bila kupumzika.

Njiani aliongozana na rafiki yake, binti wa fundi mwashi aliyepanga chumba cha jirani. Shuleni walimwita Kiranja, kwa kuwa ndiye kiranja wa darasa lao, msichana nadhifu ambaye sare yake haikuwahi kuwa na kunyanzi.

"Pilipili, usilie," alisema Kiranja.

"Silii. Nimekasirika."

Walitembea kidogo. Kiranja akaanza kuutafuna ukosi wa shati lake, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Ni mimi niliyefungua bomba. Nilitega ndoo, nikaingia ndani kupiga pasi sare, nikajisahau. Nilipotoka nilimkuta mdogo wako analifunga. Nikachukua ndoo yangu nikarudi ndani. Halafu ndiyo mama mwenye nyumba akatoka."

Pilipili alisimama palepale barabarani.

"Kwa hiyo ulimwona akifunga."

"Ee."

"Na ulimsikia akisemwa yeye."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza!"

"Baba angenichapa! Na ukiranja wangu je?" Kiranja aliinamisha kichwa. "Mdogo wako hawamchapi. Halafu yeye si haelewi? Hata hajui kama amesingiziwa."

Hapo ndipo damu ilipomchemka Pilipili. "Haelewi? Ndiye aliyelisikia bomba lako na redio inapiga kelele, wakati wewe mwenye ndoo hukulisikia! Sasa sikiliza. Jioni kuna kikao. Utasimama useme mwenyewe."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi, na usiniite rafiki yako tena."

Siku nzima darasani hawakusemezana. Mwalimu alipotoka, Kiranja alisimama ubaoni na chaki, akaandika majina ya waliopiga kelele. Pilipili aliyatazama yale majina, na laiti macho yangekuwa moto, ubao ungeungua.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Mkaguzi alikuwa bado mlangoni. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, na kikombe cha buluu kilikuwa kimejaa chai iliyopoa.

"Hajala wala hajanywa," mama alisema kwa sauti ya kuchoka. "Nimemwimbia, nimembeba, hataki. Anautaka ua wake."

Pilipili alitaka kumwambia kila kitu, lakini alikuwa amempa mwenzake mpaka jioni. "Mama, usikubali kuhama," alisema. "Subiri kikao." Mama alimtazama, asiulize.

Jioni wapangaji walikaa uani, wengine kwenye viti, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa. Mama alikaa karibu na mlango wake, ili Mkaguzi aliye ndani aisikie sauti yake. Mama mwenye nyumba alieleza hasara yake kwa kirefu. Alipomaliza, muuza mkaa alidakia, "Mtoto wa namna hii huwa anafichwa."

"Anafichwa?" Baba alikuwa ametoka kazini sasa hivi, mikono yake ina grisi. "Kwani ameiba?"

"Mwanangu ana usonji," mama alisema. "Nimewaeleza siku zote, mnaitikia, halafu mnasema amedekezwa. Mkimpigia kelele anaumia. Mkimshika ghafla anaumia. Leo mmefanya yote mawili kabla hajanywa chai."

Pilipili alimtazama Kiranja, aliyekaa chini karibu na baba yake. Kiranja alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu. Basi Pilipili alinyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Samahani, wakubwa zangu. Nina swali."

"Watoto wasiingilie," alisema mama mwenye nyumba.

"Mwacheni aulize," fundi mwashi alisema. "Swali haliumi."

"Leo mmepikia maji gani?"

"Ya tangi, mtoto wewe! Kuna mengine?" mama mwenye nyumba alijibu.

"Yalibakije? Bomba likiwa wazi, maji hayafiki nusu yakapumzika. Kuna mtu alilifunga. Ni nani?"

Watu walitazamana. Mama mwenye nyumba aligeuka akalitazama tangi. "Mimi nilipofika," alisema polepole, "lilikuwa limeshafungwa."

"Na mkono wa nani ulikuwa kwenye koki?"

Kisha muuza mkaa, ambaye hakupenda kushindwa, alisema, "Basi alifungua mwenyewe, akafunga mwenyewe."

"Hapana!" Sauti ya Pilipili ilijaa ua. "Mkaguzi amelibeba kosa hili kutwa nzima kwa sababu hawezi kusema. Aliyefungua yuko hapa, na kusema anaweza!"

Kiranja alisimama. Alisema yote: ndoo, pasi, na jinsi alivyomwona Mkaguzi akifunga bomba, kisha akamwacha peke yake topeni. Alipofika hapo akaangua kilio.

Fundi mwashi aliinuka na mkono juu.

"Fundi, kaa," baba yake Pilipili alisema. "Kuogopa fimbo ndiko kulikomfanya anyamaze."

Mkono ulishuka. "Basi ataleta maji," fundi mwashi alisema. "Kesho nitampeleka kwenye bomba la mtaa, tutabeba wote wawili mpaka tangi lirudi lilipokuwa."

"Haya, yamekwisha," mama mwenye nyumba alisema, akimgeukia mama. "Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa bahati mbaya."

"Usiniombe mimi, mama. Uliyemsingizia yumo ndani."

"Lakini... atanielewa?"

"Asubuhi ulimkaripia bila kuuliza kama atakuelewa."

Mama alifungua kufuli, na Mkaguzi akatoka, akifumba macho kwa mwanga wa jioni. Mama mwenye nyumba alichuchumaa kwa taabu, magoti yakimlia. "Mjukuu wangu, nimekukosea," alisema kwa sauti ndogo. "Maji hukuyamwaga. Uliyaokoa. Nisamehe." Safari hii hakumshika. Mkaguzi hakumtazama. Alimpita, akaanza kukimbia ukuta hadi ukuta, akicheka peke yake, na watu wakaivuta miguu yao ili apate njia.

Wapangaji walipotawanyika, Kiranja alibaki amesimama mbele ya mama.

"Mama, nilidhani haelewi," alisema.

Mama alimwonyesha nafasi kando yake, na Kiranja akaketi. "Ameupiga mlango kutwa nzima," mama alisema. "Wewe unafikiri alikuwa anadai nini? Alijua amefungiwa, na alijua hakukosa. Lakini hata kama asingejua lolote, kosa lingekuwa bado ni lako. Kujisahau si dhambi, binti yangu. Hata mimi ndoo imenifurikia mara nyingi. Ubaya ni kumchagua mtu wa kubeba kosa lako kwa sababu huyo hawezi kujitetea. Ukikosea, sema mapema, na useme mwenyewe. Na wewe Pilipili, umefanya vizuri kumpa nafasi ya kusema kabla hujamsemea."

Pilipili aliguna tu. Hasira yake ilikuwa haijaisha, na mama hakumlazimisha iishe.

"Na yeye nimwambie nini?" Kiranja aliuliza, akimtazama Mkaguzi.

"Mwambie kama ulivyotuambia sisi. Usimshike, na usipaze sauti."

Kiranja alivuka ua. Alikaa chini kwenye tope lililokuwa linaanza kukauka, na sare yake safi akaisahau. Mkaguzi alipopita karibu yake, Kiranja alianza kumwambia taratibu, "Ni mimi niliyefungua."