Vidole Viwili Chini ya Daraja

"Kulia, jamani, kaeni kulia!" Ornella alipaza sauti huku ameinua mwavuli wake wa manjano. "Njia za Venisi ni nyembamba. Ukisimama katikati upige picha, nyuma yako kuna mtu anawahi kazini, na moyoni anakutukana mpaka ukoo wako. Na darajani hatukai kula!"

Wageni wake kutoka Bologna wakajibanza kulia. Walikuwa wamekuja kwa mapumziko ya wikendi, na tangu asubuhi alikuwa akiwalisha nasaha: kahawa inywewe kwa kusimama kaunta, maana ukikaa mezani bili itakuliza, wafuate vibao vya ukutani, kwani simu itawafikisha kwenye maji, na mashua ya mizigo haikanyagwi hata ukikaribishwa. "Ile ni kazi ya watu," aliwaambia, "si pembea."

Alipendeza siku hiyo, lazima tuseme kweli. Koti la bluu limemkaa kiunoni, skafu nyekundu shingoni, na chini mabuti ya mpira yaliyofika magotini, kwa kuwa ilikuwa Novemba na maji yalikuwa yanajaa. Tayari yalikuwa yanalamba ngazi za milango.

Ndipo, walipofika juu ya daraja dogo, kutoka mfereji wa chini ukapigwa ule ukelele ambao waendesha mashua huupiga kwenye kona: "Oeee!"

Ornella akageuka ghafla. Sauti hiyo angeitambua hata katikati ya kelele za kanivali.

Alikuwa Alvise. Hawakuwa wameonana tangu Aprili. Mji ni mdogo, lakini anayetaka kumkwepa mwenzake hakosi kichochoro. Alisimama nyuma ya mashua yake ya mizigo, sweta ya kijani imechanika kiwiko, nywele zimelowa ukungu. Mbele yake kabati limelazwa chali, kando jiko la gesi na viti viwili, na juu ya yote hayo kitanda. Ornella alikitazama kile kitanda kwa makini. Kilikuwa cha watu wawili.

"Ornella!" Alvise aliita, uso ukamng'aa kisha ukajikunja.

"Shughulika na mizigo yako."

"Ndiyo ninayoshughulika nayo! Sipiti. Paa la usukani linagonga daraja. Limezidi vidole viwili tu, Ornella! Nisaidie watu."

Kila aliyezaliwa pale anajua maana yake. Maji yakijaa na mashua ikakataa kupita, huitwa watu waliopo karibu waingie. Mashua huzama kidogo kwa uzito wao, hupita chini ya daraja, nao hushuka ng'ambo. Zamani watu waliruka bila kuombwa. Siku hizi wenyeji wako wapi? Nusu wamehamia Mestre, upande wa bara, kufuata kodi nafuu. Waliojaa kando ya mfereji Jumamosi ile walikuwa wanapiga picha tu.

"Zunguka kule nyuma," Ornella alisema.

"Kule wamekausha mfereji wanazoa matope. Na mwenzangu wa kazi yuko kitandani na homa. Maji yakizidi hapa yalipofika, hata uniletee tembo hatanisaidia!"

Ornella alitaka kuondoka. Mdomo ndio uliomsaliti. "Unahamia wapi?"

"Kisiwani, Giudecca."

"Kwa nani?"

Alvise akasita. "Kwa mama mmoja..."

"Sema tu! Ndiye yule uliyempelekea waridi!" Wageni waligeuka wote kwa pamoja, na Ornella hakujali. "Kila Aprili, siku ya Mtakatifu Marko, kila mwanamume wa mji huu anampelekea mpenzi wake waridi lake moja. Hata walevi wanakumbuka! Mimi nimekaa dirishani na gauni jipya mpaka mishumaa ikaisha. Kumbe rafiki yangu Marzia kakuona Giudecca, unabisha hodi na ua mkononi. Halafu leo unataka nikusukume ukalale naye salama?"

"Si hivyo, roho yangu."

"Roho yako mtafute huko huko!"

Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani huwa na nafasi ya kuwasikiliza wahenga akiwa amenuna? Ornella alikwishainua mwavuli kuwaongoza wageni wake wakati simu ya Alvise ilipolia. Mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia pete ya chuma ukutani, mashua isivutwe na maji. Akaibonyeza simu, iliyokuwa kando ya usukani, kwa kiwiko, ikapokea kwa sauti kubwa.

"We Alvise! Uko wapi, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya bibi kizee, kali na yenye kukwaruza.

"Nimekwama darajani, mama Cesira."

"Utakwamaje leo? Renzo, mwanangu wa kumzaa, keshapanda boti, yuko na lile dalali lake la kupangisha watalii! Nilikwambia: wakikuta kitanda chenu kimeshaingia, nitasimama mlangoni niseme nina wapangaji, wenyeji wa hapa, watu wa ndoa. Wakikuta vyumba vitupu, watanishinda. Mwanangu mwenyewe atanishinda!" Akavuta pumzi. "Na huyo mchumba yuko wapi? Siku ile ulikuja kuniomba nyumba na waridi lake mkononi, ukanikuta nalia kwa kuwa marehemu hayupo wa kuniletea langu. Ukanipa mimi. Nikakuuliza, je, mwenyewe? Ukasema ana roho nzuri, ataelewa. Alielewa?"

Alvise alitazama juu darajani.

"Bado, mama," alisema.

Aibu ilimpanda Ornella mpaka masikioni. Miezi yote hiyo alikuwa amemchukia mwanamke wa kufikirika, mrembo, mwenye nywele ndefu. Kumbe alikuwa mjane anayekataa nyumba yake igeuzwe gesti.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, safari hii taratibu.

"Nilikupigia, ukanizuia kwenye simu. Nikaja kazini kwako, ukatokea mlango wa nyuma. Mwisho na mimi nikanuna. Nikasema, kama ananipenda atauliza."

"Na leo ungemwambia nini huyo mama?"

"Kwamba mchumba wangu yuko kazini."

"Mwongo mkubwa."

"Kwani hauko kazini?"

Kicheko kilimponyoka Ornella pamoja na machozi. Halafu akaona paa la usukani limesuguana na jiwe, rangi imeanza kubanduka. Vile vidole viwili vilikuwa vinaelekea kuwa vitatu.

"Jamani!" aliwageukia wageni. "Shukeni ngazi, ingieni kwenye mashua. Wote! Mmoja mmoja, mkae katikati."

Bwana Bonfiglio, aliyekuwa mnene kuliko wenzake, akashtuka. "Dada, si ulisema mashua ya mizigo haikanyagwi?"

"Panda, mume wangu!" mkewe akamsukuma mgongoni. "Miaka yote nakupikia. Leo ndiyo siku ya tumbo lako kupata kazi!"

Wakaingia, wengine wakakaa ukingoni mwa kabati, wengine wakashika miguu ya kitanda. Mashua ikashuka kidogo, lakini paa bado liligusa. Ornella akafunga mwavuli na kuruka wa mwisho. Alvise akaachia ile pete.

"Vichwa chini!"

Giza likawafunika. Jiwe lilikwaruza paa, mashua ikasimama, mtu akaanza kusali. Ornella akalala chali juu ya kitanda, akakanyaga tao la daraja kwa mabuti yote mawili na kusukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Jiwe likaguna, kisha mwanga ukawamwagikia usoni.

Wageni walipiga makofi. Alvise hakupiga, alikuwa anamtazama yeye.

"Kitanda hicho nilikipima kwa ajili yetu," alisema. "Utakuja, Ornella?"

Ornella alichukua simu, ambayo ilikuwa bado haijakatwa.

"Mama Cesira, ni mimi mchumba mwenyewe. Nimechelewa kuelewa, nisamehe. Usimfungulie Renzo, tunakuja."

Akairudisha. Alvise akafuta macho kwa mkono wa sweta, akaiongezea injini moto.

"Ngazi zile pale," bwana Bonfiglio alionyesha kwa kidole. "Wageni si tunashuka?"

"Wageni wangeshuka," alisema Ornella. "Nyinyi sasa ni mashemeji. Shikeni kitanda vizuri, tunakipandisha ghorofa ya tatu."